Mtambo wa Kwenda Nassa

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Siku kubwa. Nimechaguliwa! Au tuseme nusu yangu imechaguliwa.

Mazoezi yalikuwa yameisha, tumekaa kwenye mabenchi ya kanisani tunajipepea kwa vitabu vya nyimbo. Mama Apolonia, mwalimu wa kwaya yetu, akasema imekuja barua kutoka Nassa. Tunaalikwa kwenye sikukuu ya kwaya, Jumapili ya tarehe 18. Shangwe! Kisha akasema kuna tatizo. Shangwe ikakoma. Joakim, mpiga gitaa wetu, amepata kazi kwenye kampuni mpya ya kununua pamba, na gitaa lilikuwa lake. Tulichobaki nacho ni kaseti tuliyopewa na studio ya Mwanza mwaka jana, yenye muziki mtupu wa nyimbo zetu: gitaa, kinanda na ngoma, bila sauti ya mtu. Tukiipiga, tunaimba juu yake kama vile Joakim yupo. Lakini tutaipigia kwenye nini? Nani atatafuta mtambo?

Nikanyoosha mkono. Mwalimu Fredrick naye akanyoosha. Mimi nilikuwa wa kwanza, ila yeye ni mrefu, mkono wake ukaonekana zaidi. Mama Apolonia akasema basi iwe kamati ya watu wawili.

Kamati na Fredrick! Anafundisha hesabu shule ya msingi, na anaimba besi kana kwamba anasahihisha madaftari.

Nimefurahi hata hivyo. Sababu naiandika hapa tu. Mama mkwe wangu anakaa Nassa. Tangu chama cha ushirika kilipotupunguza makarani wa mizani, miaka mitatu sasa, kila tukienda kule anamtuma mke wangu aniulize nafanya kazi gani siku hizi. Nami naulizia habari za ng'ombe. Safari hii ataniona mbele ya umati, nimesimama kwenye mtambo. Hatauliza tena.

Jumatano, 7 Agosti

Tumekwenda sokoni kwa fundi Ngassa. Kibanda kimejaa redio zilizopasuliwa matumbo. Tukamweleza shida yetu. Akasema muziki wa kusikiliza nyumbani ni jambo moja, na muziki wa kuimbia ni jambo jingine. Mtambo wa kuimbia usibadilishe mwendo. Kaseti ikizunguka taratibu hata kidogo, sauti inashuka, na waimbaji wanashuka nayo.

Kisha akatutolea kitu chake. Masikini! Redio ya gari, imeng'olewa kwenye gari bovu na kugongelewa ndani ya sanduku la mbao. Spika mbili ubavuni, betri ya gari chini. Haina taa. Haina mpini. Nimewahi kuona mizinga ya nyuki yenye sura nzuri zaidi.

Fredrick akapiga magoti mbele yake. Akatia kaseti yetu, akashika saa yake ya mkononi, akasikiliza wimbo mzima. Akasema dakika nne na sekunde kumi na mbili, sawasawa na kwenye maandishi ya studio. Mtu gani anampimia Mungu sekunde?

Nikasema kwaya haiwezi kuingia Nassa na mzinga. Fundi akasema hiari yetu.

Kurudi nyumbani nikapita dukani kwa Josia. Hapo ndipo nilipoiona. Redio kutoka Dubai! Deki mbili. Mpini wa fedha. Vitufe vingi kuliko meno yangu. Na mbele, taa nyekundu na za kijani zinazopanda na kushuka kadiri wimbo unavyokwenda. Nilisimama pale mpaka Josia akaniuliza kama nimepotea.

Ijumaa, 9 Agosti

Mpango umekamilika, na ni mzuri.

Nimemwambia Josia kwamba pale Nassa watakuwepo watu wa kwaya kumi na moja, na kila mmoja ana ndugu anayetafuta redio baada ya kuuza pamba. Atuazime redio yake. Kabla ya wimbo wa kwanza nitatangaza kwa sauti kubwa inakopatikana. Josia akafikiri. Mfanyabiashara akifikiri huwa anakuna kidevu. Alikikuna sana. Mwisho akasema sawa, ila betri nane kubwa nitafute mwenyewe.

Kisha nikapita kwa Mama Apolonia na kumdokezea, kwa upole tu, kwamba redio za gari zina tabia ya kudaka stesheni zenyewe. Mnaweza kuwa katikati ya wimbo wa Mtakatifu, mara ikaingia taarifa ya habari. Akaniuliza nimelisikia wapi hilo. Nikasema linajulikana. Akasema Jumapili ataisikia mitambo yote miwili, kwaya nzima iamue.

Leo mke wangu Nyanjige amepika wali kwa maziwa. Maisha si mabaya.

Jumapili, 11 Agosti

USHINDI!

Baada ya ibada tulijaribu mitambo. Mzinga wa Fredrick ulianza. Nilikuwa nimesaidia kuubeba, na wakati wa kuuweka nikaugeuza kidogo, spika zikatazama ukuta. Jambo la ajabu, ukasikika vizuri zaidi. Ukuta ule una nini?

Zamu yangu. Nikafunga madirisha upande mmoja ili kuwe na kigiza. Nikabonyeza. Taa zikaruka! Soprano wakapiga vigelegele kabla hata wimbo haujaanza. Mzee mmoja wa teno alisogea akanyoosha kidole kuona kama taa zina moto.

Ikapigwa kura ya mikono. Redio, ishirini na tatu. Mzinga, wanne: Fredrick, besi wawili walio ndugu zake, na Nyanjige. Mke wangu! Njiani nikamuuliza. Akasema mzinga ulikuwa haumkimbizi wala haumcheleweshi akiimba.

Mama Apolonia hakupiga kura. Alisema tu, "Nyie mmesikiliza kwa macho. Haya, mmeamua."

Fredrick hakununa, jambo lililonipunguzia raha. Akasema mzinga ataupakia hata hivyo, hautakula chakula cha mtu. Akaongeza kwamba redio ya Josia inaweza kuunganishwa kwenye betri yake ya gari, tusitegemee betri ndogo. Nikamshukuru, nikakataa. Leo betri yake, kesho atataka kubonyeza.

Jumatano, 14 Agosti

Redio iko kwangu. Ni lazima niizoee, fundi mwenyewe alisema kila mtambo una tabia zake. Nimeizoea tangu asubuhi. Nimesikiliza taarifa ya habari, salamu za wagonjwa, dansi, mpira, na kipindi cha wakulima kuhusu wadudu wa dumuzi kwenye mahindi. Majirani wamejaa uani. Kuna mtu amekuja na kiti chake. Nimeitwa "bosi" mara nne, mara moja na mtu ambaye hanidai.

Nyanjige akapita na beseni la maandazi, akauliza betri zile ni zile za Nassa au za hapa. Nikamwambia asiingilie ufundi.

Alhamisi, 15 Agosti

Taa zimefifia kidogo. Hakuna hofu. Nimezipanga betri zote nane juu ya bati zipate jua. Kila mtu anajua jua linarudisha nguvu. Zilipopoa nikazirudisha, taa zikaruka kama ng'ombe aliyeona malisho! Sihitaji mpya.

Nimepata pia miwani myeusi mnadani, kwenye mitumba. Na hedifoni. Waya wake umekatika, hauna cha kuchomeka popote, lakini mtu anayesimama mbele ya watu hawezi kuwa na masikio matupu. Nimejitazama kwenye kioo cha Nyanjige. Mhandisi kabisa.

Jumamosi, 17 Agosti

Nassa!

Tumesafiri juu ya lori la pamba, kwaya nzima imekaa kwenye marobota, laini kuliko kitanda changu. Tuliimba tangu kwetu Bariadi. Redio niliipakata kama mtoto. Mzinga wa Fredrick ulikaa pembeni peke yake. Tulipofika Lamadi upepo wa ziwa ukatupiga usoni, na hata Fredrick akacheka bila sababu.

Mama mkwe, Mama Kabula, alitupokea mimi na Nyanjige kwake. Nikainama, nikasimama mbali kwa adabu, nikamsalimu kwa Kisukuma. "Mwadila, mayu." Akaitikia. Kwa desturi yao haongei nami moja kwa moja, anapitishia kwa binti yake, ingawa sote watatu tuko uani na kila mtu anamsikia mwenzake. Tangu mumewe afariki, mwaka jana kipindi cha masika, amekonda na hasemi sana. Hilo ndilo linalomuumiza Nyanjige: anasema nyumba hii ilikuwa na kicheko, sasa inasikika kuku tu.

Tulikula ugali na sato wa kukaanga, kisha michembe ya viazi vikavu kwa chai. Ndipo lilipokuja. Alimwambia Nyanjige, "Muulize mkwilima wangu," yaani mkwe wake, mimi, "siku hizi anafanya kazi gani?"

Nikavaa miwani. Nikasema mimi ni mhandisi wa sauti.

Akamwambia Nyanjige, "Muulize, sauti ya nani?"

Niliona jibu la maneno halitoshi. Nikaleta redio, nikaifungulia hapo uani, sauti hadi mwisho. Mashemeji wakaja. Majirani wakaja. Nikapiga kaseti za kila aina waliyoileta hadi jua likazama. Mama mkwe alitazama taa akasema zinapendeza. Kwa Nyanjige alisema, lakini niliisikia.

Nalala nikiwa mtu mwenye furaha.

Jumapili, 18 Agosti

Naandika polepole, nisiruke kitu.

Uwanja wa kanisa ulijaa. Zamu yetu ilikuwa ya sita. Redio nikaiweka juu ya meza mbele ya watu, miwani machoni, hedifoni masikioni, na waya wake nimeuficha mfukoni. Nikahitaji kiti. Mzinga wa Fredrick ulikuwa hapo nyuma, kimo chake sawasawa. Nikaukalia. Mama mkwe alikuwa mstari wa tatu, kitenge kipya.

Nikasimama, nikatangaza: redio mnayoiona, bora kuliko zote, inapatikana dukani kwa Josia, Bariadi. Watu wakapiga makofi. Nikaketi. Nikabonyeza.

Ubeti wa kwanza, safi kabisa. Taa zinaruka. Nikatikisa kichwa kama watu wa studio.

Ubeti wa pili, nikasikia gitaa limechoka. Kinanda nacho. Ngoma ikaanza kupigwa na mtu mwenye usingizi. Kwaya ikashuka kufuata muziki, kama alivyosema Ngassa, neno kwa neno. Soprano wakaimba kialto. Alto wakaimba kama wanaume. Teno wakaingia kwenye besi, na besi hawakuwa na pa kwenda. Fredrick alifungua mdomo, ikatoka pumzi tu. Taa zikafifia. Nikaongeza sauti. Lo, kosa! Ikazidi kuchoka. Neno moja la "aleluya" lilichukua muda wa kufunga magoli mawili.

Mwanzoni watu walitulia, wakadhani ndivyo ulivyo wimbo, wa msiba. Mzee mmoja alivua kofia.

Kisha redio ikakohoa na kumeza mkanda. Kimya. Nikafungua kijumba cha kaseti, mkanda ukatoka nje kwa urefu wa mkono, nikavuta, ukazidi kutoka, ukanizunguka kifundo cha mkono. Kaseti pekee tuliyo nayo! Jasho likanitoka, miwani ikateleza hadi puani. Nilitamani ardhi ya Nassa inifunike, lakini ni ardhi ya ukweni, isingependeza.

Mama Apolonia hakunitazama hata. Aliinua mikono juu, akaishikilia hapo, kwaya yote ikamwangalia. Kisha akamtikisia kichwa mke wangu.

Nyanjige akaanza peke yake, bila chombo. Sijui niandikeje. Miaka kumi na mmoja nimeisikia sauti ile ikiita watoto na kukemea kuku, kumbe sikuwahi kuisikiliza. Ubeti wa tatu, polepole, kila neno limesimama mahali pake. Alto wakaingia. Besi wakapata pa kukanyaga. Na kule mstari wa tatu mama mkwe akasimama na kuanza kupiga makofi ya taratibu, akafuatwa na mama wa pembeni yake, kisha uwanja mzima, miguu ikipiga chini, vumbi likipanda. Vigelegele! Walitaka ubeti ule urudiwe. Ukarudiwa mara mbili.

Mimi wakati huo nilikuwa nimekaa nazungusha mkanda kwa kalamu. Nilifaulu kuurudisha wote. Naomba hilo nalo likumbukwe.

Kabla ya wimbo wa pili Fredrick alikuja akainama sikioni kwangu, akainua hedifoni kidogo, akasema kwa heshima, "Kasmiri, kaka, naomba kiti."

Nikanyanyuka. Akaugeuza mzinga, akatia kaseti. Ilisikika vizuri. Mahali pamoja tu, pale mkanda ulipokunjamana, muziki ulisema "wauu", na kwaya nayo ikasema "wauu" bila kuambiwa. Watu walidhani ni madoido.

Baadaye nilijificha nyuma ya lori. Nyanjige akanikuta huko, akanishika mkono, akanipeleka kwa mama yake. Nikainama. Nikangoja.

Mama mkwe alikuwa analia. Hapana, alikuwa anacheka. Anacheka mpaka kitenge kimelegea, ameshikilia mti. Alijaribu kumwambia Nyanjige neno la kunifikishia, akashindwa, akacheka tena. Mwisho akasahau desturi kabisa, akaniambia mimi mwenyewe usoni, "Mkwilima wangu! Tangu mzee aondoke sijacheka hivi. Wabeja sana, asante!"

Nyanjige alikuwa anatazama pembeni, anajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Mama mkwe ametupa jogoo na kapu la sato wakavu. Hakuuliza habari za kazi.

Jumatatu, 19 Agosti

Tumerudi Bariadi. Juu ya lori waimbaji walicheza mchezo wa redio iliyochoka: mmoja anaimba haraka, wengine wanashuka, wanashuka, mpaka wanalala sakafuni mwa lori. Waliurudia tangu Lamadi. Nilicheka nao ili nisichekwe peke yangu. Baadaye nikawa nacheka kweli. Jogoo aliwika Dutwa.

Jumatano, 21 Agosti

Josia amepata habari. Tangazo langu lilisikika vizuri mno. Jana mtu wa Mwamapalala aliyekwisha kuweka ahadi ya redio kama ile amekuja kusema hataki tena, hiyo ni redio inayochosha watu. Josia alipiga kelele, akakuna kidevu, akapiga kelele tena. Uamuzi wake: nikae dukani hadi mwisho wa juma, kila mteja akiingia nimweleze kwamba kosa lilikuwa la betri, si la redio, na betri zilizeeka mikononi mwangu.

Nimekaa. Nimeeleza. Wateja wanapenda sana nikiigiza pale besi walipokosa pa kwenda. Leo wengine wamekuja kwa ajili hiyo tu, na wawili wamenunua redio ndogo. Josia amesema wiki ijayo nije tena nikipenda, na chai ya saa nne ipo.

Nyanjige ameniuliza nimepata kazi? Nikasema ni ushauri wa kiufundi.

Ijumaa, 23 Agosti

Kwaya imekutana. Fredrick amechaguliwa msimamizi wa vyombo, kwa kura zote. Hata mimi nilinyoosha mkono, maana mzinga ulifanya kazi, siwezi kukana. Mama Apolonia amenipa kazi ya kuubeba. Alisema hivyo kwa tabasamu na akanisifu nilivyouokoa mkanda. Pia Nyanjige atakuwa anaanza kila wimbo. Nilipiga makofi kuliko wote.

Nimekaa nikatafakari kwa makini yaliyotokea, kama mtu mzima. Nimepata chanzo. Si betri, na wala si haraka yangu. Ni mkanda! Mtambo usio na mkanda hauwezi kumeza mkanda. Fredrick, na saa yake yote, hilo hakuliona.

Sasa, leo asubuhi mgeni wa Josia kutoka Mwanza ameleta mtambo mdogo unaopiga sahani. Sahani, nyembamba, inang'aa kama kioo, inazunguka yenyewe ndani. Hakuna cha kukunjamana. Nilimwambia mgeni asiuze kwa mtu mwingine.

Kwaya ya Kimali wana sherehe ya mavuno mwezi ujao. Nimeshawaandikia barua: Kwaya ya Bariadi itafika na mtambo wa sahani, wa kwanza katika wilaya hizi. Nimetia sahihi, Mhandisi Mkuu. Imeondoka na lori la mchana. Mama Apolonia nitamwambia akiwa na nafasi.

Kuna jambo dogo moja. Nyimbo zetu ziko kwenye kaseti, na mgeni anasema haziwezi kuhamia kwenye sahani hapa wala Mwanza. Sahani iliyokuja na mtambo ni moja tu, ina nyimbo kumi na nne za Kichina. Nimezisikiliza zote mara mbili. Wa tano ni mzuri. Tukiuimba haraka kidogo, maneno yetu yataenea.